Mmiliki: Naisenya

Mtamba wa pili alikufa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Lekakeny alisimama katikati ya boma lake na fimbo mkononi, akautazama mzoga, kisha akamgeukia mkewe. Mkwewe Naisenya alikuwa pale pale, mtoto mgongoni, karibu kiasi cha kusikia pumzi za mzee. Mzee hakumwangalia.

"Nkoile," alisema, "mwambie huyo kwamba ng'ombe wangu wanakufa kwa kiu, na aliyewanyima maji analala kwangu."

Nkoile hakufikisha ujumbe. Wa nini, na mwenyewe kasikia? Kwa watu hawa baba mkwe hazungumzi ovyo na mke wa mwanawe. Ni utaratibu wa heshima, na siku za amani unapendeza. Siku ile mzee aliugeuza fimbo, akapiga nao vizuri.

"Yeyo," Naisenya alimwambia mama mkwe, "mwambie baba zamu ile ya maji sikuiandika mimi."

"Mwambie nimeliona jina lake kwa macho yangu."

"Mwambie baba hajui kusoma."

Hapo alivuka mpaka, na alijua. Parsaoti, mumewe, aliyekuwa amechuchumaa kando ya mzoga, aliinua kichwa akamwangalia kama mtu asiyemfahamu. Mzee alitafuna hasira yake, kisha akatoa hukumu.

"Mkutano wa maji ni Ijumaa. Asipojisafisha mbele ya watu, Jumamosi anarudi kwa baba yake, huko Mkumbara. Nimeshampigia simu baba yake, nimemweleza binti yake alichotufanyia. Mtoto anabaki hapa. Nkoile atamlea kwa maziwa ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Nkoile aliuliza.

Naisenya alimvuta mtoto mbele, akamkumbatia kifuani. Nkoitiko, mwanawe, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Nywele zake zilikuwa fupi sana, na za mama yake pia, kwa sababu walinyolewa siku moja, siku mtoto alipopewa jina.

* * *

Kitongoji chao kinaitwa Ng'ambo kwa kuwa kiko ng'ambo ya korongo, na wanaokaa huko ni wafugaji. Vitongoji vingine viko upande wa barabara. Wote wanategemea kisima kirefu kimoja cha jumuiya, na katika ukame ule uliokausha hadi malambo, kila kitongoji kilikuwa na siku zake za kufunguliwa koki. Hizo ndizo zamu. Zamu huandikwa kwenye kompyuta ya ofisi, hutolewa karatasi, hubandikwa mlangoni, na mfungua koki hufuata karatasi ile bila kuuliza. Mwandishi wake ni karani wa jumuiya, na karani ni Naisenya.

Kompyuta ililetwa na mradi wa maji. Haikuwa na Windows kama zile za stationery. Ilikuwa na mfumo mwingine, Linux, na Naisenya alipelekwa Korogwe kujifunza kuitumia. Huko alifundishwa jambo moja akalipenda sana: kila faili lina mmiliki, na mmiliki ndiye anayeamua nani asome na nani aandike. Aliporudi, akaliweka faili la zamu hivi: wote walisome, aandike yeye tu, baada ya kikao. Katika nchi ambayo mtu akiwa na shemeji ofisini anapata maji mara mbili, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko alivyodhani.

Mwenyekiti wa jumuiya anaitwa Afisa. Ni jina alilopewa na wazazi wake, si cheo, ila tangu achaguliwe amesahau tofauti. Siku moja alijaribu kuigusa zamu mwenyewe, mashine ikamkatalia.

"Naisenya mwanangu, yaani mimi mwenyekiti mzima nakatazwa na televisheni?"

"Ni utaratibu, mzee. Kikao kikibadili siku, mimi naandika."

"Utaratibu gani kati ya baba na binti? Hapa kuna siri gani? Fungua. Fungua vyote. Au ninyi Wamasai mmekuja kutufungia maji yetu?"

Watu waliokuwa mlangoni na ndoo zao wakacheka. Naisenya alihisi uso unawaka. Kumkatalia mtu wa umri wa baba yake, mbele ya watu, hakuna aliyewahi kumfundisha, si nyumbani wala Korogwe. Siku iliyofuata alikuwa anaanza likizo kwa ajili ya shughuli ya kumpa mtoto jina, na alitaka aondoke bila maneno. Akaandika amri moja kwa haraka na uchungu, bila kuangalia ameianzia wapi: ruhusa zote, kwa watu wote, kutoka kwenye mzizi wa mashine hadi faili la mwisho.

"Si ndiyo undugu huo," Afisa alisema, akampigapiga begani.

Aliporudi kazini alikuta zamu mpya mlangoni. Ng'ambo haikuwamo. Alipouliza, Afisa alimwambia bomba la korongoni linavuja, ni kwa muda tu, wazee wamekubaliana. Naisenya aliamini, maana kutomwamini kungekuwa ugomvi mwingine. Alipotaka angalau kulifunga tena lile faili, mashine ikakataa amri zake zote. Mwenyekiti akamleta fundi wake kutoka Handeni mjini, kijana mmoja Mustapha mwenye miwani ya jua na haraka nyingi. Alichomeka flash, akabonyeza huku akiongea na simu, akatangaza kwamba kila kitu kimerudishwa kwa mwenyewe.

Ng'ambo wakasubiri maji. Wanawake wakawa wanafuata maji ya matope kwenye mashimo ya korongo, ng'ombe wakabaki ngozi na mifupa, wakaanza kuanguka. Ng'ombe wa kwanza wa Lekakeny alipokufa, wazee wakaenda ofisini Jumatatu wakiwa na fimbo zao. Huko Afisa akawaonyesha kioo cha kompyuta. Alibonyeza faili la zamu, kikatokea kidirisha kidogo, akakisoma kwa sauti ya huzuni.

"Mmiliki: Naisenya. Haya wazee wangu, mimi nilijua ni bomba tu. Kumbe ni binti yenu mwenyewe." Kisha akashusha sauti, kiasi cha kusikika vizuri. "Hawa wasichana waliosoma mnawajua. Huenda kuna mwenye bustani huku barabarani anamchekea. Mimi sisemi."

Mwenye bustani ya nyanya kule barabarani alikuwa shemeji yake Afisa. Ila maneno yalishasemwa, na Parsaoti alikuwa amesimama mlangoni.

* * *

Jumatano asubuhi Naisenya alifungua ofisi kwa ufunguo wake. Funguo za ofisi ile ni mbili tu, wake na wa mwenyekiti. Aliibeba mashine, akaifunga kwa shuka, akatoka nayo nje, akamkuta Parsaoti ameketi juu ya pikipiki.

"Unaipeleka wapi mali ya watu?"

"Korogwe, kwa mwalimu wangu. Ukitaka kaite polisi."

"Panda. Nitakupeleka, watu wasije wakasema umetoroka."

"Kwa ajili ya watu tu?"

Parsaoti aliwasha pikipiki. Walikwenda hivyo hadi mashamba ya mkonge yalipoanza kuonekana, yeye mbele, mkewe nyuma na mashine mapajani, mtoto kifuani. Alikuwa mume mwema kwa kipimo cha kawaida. Hakuwahi kumpiga. Lakini tangu siku ile ya ofisini alikuwa akila chakula chake ameangalia pembeni, na Naisenya alitamani mara mia amtukane kuliko kumfanyia vile.

Karakana ya Getruda, yule mwalimu, iko nyuma ya stendi ya Korogwe. Babu yake aliletwa kukata mkonge, akafia kambini, na mjukuu aliapa hatamfanyia mtu kazi asiyoielewa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya sokoni. Alipokea shikamoo zao, akaichomeka mashine, akaandika kidogo, akaguna.

"Nani kaifanyia hivi?"

"Kuifungua niliifungua mimi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Mzee aliniambia."

"Mzee alikuambia! Na mzee akikuambia ujitupe mto Pangani?" Getruda aligeuza kiti. "Sikilizeni wote wawili. Ndani humu mna faili linalosema nani ana madaraka ya kuamuru mambo makubwa. Wewe umelifungua, kila mtu anaweza kuliandika. Mashine ikiliona hivyo hailiamini tena, inamkatalia kila mtu, hata wewe. Ina akili kuliko jumuiya yenu. Halafu kaja huyo fundi wenu. Badala ya kurudisha kila kitu kwa mmiliki wake, kachukua jina la kwanza aliloliona, kalipachika kwenye kila kitu. Vya mfumo, vya mwenyekiti, hata faili jipya la zamu, vyote Naisenya."

"Kama mtu aliyepiga chapa moja ng'ombe wote wa kijiji," Parsaoti alisema polepole.

"Umenena."

"Basi rudisha, mwalimu," Naisenya alisema.

Getruda alirudisha. Ilichukua muda, wakanywa chai, mtoto akalala juu ya shuka. Mwisho mashine ikawaka sawasawa, ikapokea amri, na Naisenya akasogea akiwa na roho juu. Akalifungua faili la zamu. Mmiliki: Naisenya.

"Bado!" alipiga kelele. "Mwalimu, bado ni mimi!"

"Tulia. Vitu vya mfumo nimeviweka kama vilivyotoka kiwandani, maana mfumo una kumbukumbu ya vitu vyake. Lakini vyenu ninyi watu havikutoka kiwandani. Nani aliandika kipi, mashine haina pa kwenda kuuliza. Mustapha wenu kafuta."

Naisenya aliketi chini, sakafuni. Alimfikiria Nkoitiko akililia ziwa kwenye nyumba ya bibi yake, na yeye yuko Mkumbara akichekwa na mawifi. Hakulia. Alikuwa na hasira mno hata asiweze kulia.

"Kwa hiyo hakuna ushahidi," Parsaoti alisema.

"Nimesema jina limefutwa. Sijasema siku." Getruda alimwonyesha kioo. "Kubadili mmiliki hakugusi siku ambayo maneno yaliandikwa. Fundi mvivu hakuangalia. Zamu hii iliandikwa mara ya mwisho Jumamosi hii hapa, alasiri. Kumbukeni mlikuwa wapi."

Naisenya aliisoma tarehe. Mkono wake ukapanda wenyewe kichwani, ukashika zile nywele fupi. Parsaoti naye alimwona akizishika, akaelewa. Ilikuwa Jumamosi ya kunyolewa. Kondoo alichinjwa, boma lilijaa watu, na mama wa mtoto alikuwa ndani na kichwa kinachong'aa, amepakwa mafuta, hakutoka kutwa nzima. Lekakeny mwenyewe ndiye aliyetamka jina la mtoto.

"Mke wangu," Parsaoti alianza, "sasa nimejua kwamba..."

"Umejua nini? Umejua leo?" Naisenya alisimama. "Ulihitaji mashine ikuambie mimi ni nani?"

Getruda alijifanya kutafuta waya chini ya meza. Parsaoti aliinama, akamwinua mtoto kutoka kwenye shuka.

* * *

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya maji. Afisa alianza na wizi. Alieleza kwa kirefu jinsi karani alivyoiba mali ya umma na kuipeleka Korogwe, na jinsi yeye kama mzazi alivyosita kumpeleka polisi. Mashine yenyewe ilikuwa imeshawekwa juu ya meza ya barazani, inawaka, na Getruda amekaa kando yake na mkoba mapajani. Lekakeny alikuwa mstari wa mbele na wazee wenzake.

"Karani ajitetee," Afisa alisema kwa ukarimu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla ya yote nikushukuru. Siku tuliyomnyoa mwanangu ulikuja Ng'ambo, ukatuheshimu. Sikukuona, nilikuwa ndani."

"Ah, nilikuja bwana! Mimi sibagui watu."

"Yeyo anasema uliondoka mapema, hukula na wenzako."

"Nilikuwa na kazi. Mama Nkoile hakuniacha hivi hivi, akanifungia ubavu mzima." Afisa aliwaangalia watu, akitabasamu kwa kumbukumbu ya nyama. "Ubavu umenona! Niliula hapa hapa ofisini, peke yangu, mlango nimefunga inzi wasiniingilie."

Watu walicheka. Naisenya hakucheka.

"Alasiri?"

"Alasiri, ndiyo."

"Mwalimu," Naisenya alisema, "wasomee."

Getruda aliwasomea. Alisoma siku, akasoma saa, akaeleza kwa ile sauti yake ya sokoni kwamba jina la mmiliki lilibandikwa baadaye na fundi, ila saa ya kuandikwa haikuguswa. Halafu akageuza kioo kwa yeyote anayetaka kuja kusoma mwenyewe. Vicheko vilikoma, kwanza mbele, kisha nyuma, jinsi habari ilivyopokewa.

"Funguo ni mbili," Naisenya alisema, na sasa sauti yake ilipanda, hakuizuia tena. "Mmoja nilikuwa nao Ng'ambo, kichwa kimenyolewa, na boma zima ni shahidi. Wa pili alikuwa nao mtu anayekula ubavu. Ulikula nyama yetu, mwenyekiti! Mama mkwe wangu alikufungia kwa mikono yake! Ukaja ukaketi hapa, na mafuta ya kondoo wetu vidoleni, ukatufuta!"

"Mashine inaweza kukosea..." Afisa alianza.

"Jumatatu haikukosea, ulipowasomea wazee jina langu!"

Hapo ndipo kelele zilipolipuka. Mtu alipiga kelele kuhusu nyanya, mwingine akamtaja shemeji kwa jina, wanawake wa Ng'ambo wakagonga ndoo tupu hadi Afisa akawa anafungua na kufunga mdomo bila kusikika. Hakukiri. Watu wa aina yake hawakiri. Alisema itaundwa kamati, alisema wataalamu wa wilaya wataitwa, alisema yeye ni mgonjwa wa presha. Wakati anayasema hayo, Nkoile alikuwa ameshamshika mfungua koki mkono, anampeleka kwenye koki ya Ng'ambo, na kundi zima linamfuata. Mfungua koki akaifungua. Hakukuwa na bomba lililovuja popote.

* * *

Jumamosi asubuhi ng'ombe waliobaki walikunywa hadi matumbo yakavimba. Lekakeny alikaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba, akiwatazama. Naisenya alikuwa mlangoni, na kando yake begi lililofungwa. Alilifunga mwenyewe usiku, na Parsaoti alipojaribu kulifungua alimwambia aliache.

"Nkoile," mzee alisema, macho kwa ng'ombe, "mwambie mkwe wako yameisha. Afungue begi lake."

"Yeyo," Naisenya alisema, "mwambie baba hayajaisha."

Nkoile aliangalia huku, akaangalia kule, akapiga kofi mapajani. "Mimi si bomba lenu," alisema, akaenda kukamua.

Wakabaki hivyo, mzee na mkwewe, bila mtu wa katikati. Mtoto alitambaa hadi kwenye begi, akalishika, akasimama.

Naisenya alitoa simu, akatafuta namba, akapiga, akaongeza sauti. Alitembea hadi kwenye kigoda, akaiweka simu juu ya goti la baba mkwe wake. Hakuwahi kumkaribia kiasi kile. Upande wa pili, Mkumbara, baba yake aliitikia.

Mzee alishtuka, akaishika. Wakasalimiana. Akaulizia afya, akaulizia mvua huko, akaulizia mbuzi, akaulizia barabara. Akaeleza jinsi ng'ombe walivyokunywa. Alirudi tena kwenye mvua. Baba yake Naisenya alijibu kila swali kwa upole wa mtu aliyekwisha kuaibishwa, ambaye hajui anapigiwa kwa aibu gani nyingine, na binti yake alipousikia upole huo hasira zikampanda.

"Baba," alimwambia mzee, uso kwa uso. "Sema."

Fimbo ilianguka kutoka mkononi mwa Lekakeny, hakuiokota. Aliisogeza simu mdomoni.

"Lile nililokuambia la binti yako," alisema, "si kweli. Hakufanya. Nilisema mimi, na nilisema uongo."

Sauti kutoka Mkumbara ikauliza, ndogo, yenye woga: "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko hapa," Lekakeny alisema. "Amesimama mbele yangu. Ananiangalia."